Mwenye Kidoti Atashinda

Mwaka ule wanawake wa Ngamiani tuligawanyika mafungu mawili. Wengine walikuwa wa Mwenye Kidoti, wengine wa Mrefu. Hao walikuwa waigizaji wawili wa sinema za Kihindi. Majina yao ya kweli tuliyajua, maana yaliandikwa makubwa makubwa kwenye picha zilizobandikwa nje ya jumba la sinema, lakini hakuna aliyeyatumia. Mmoja alikuwa na kidoti cheusi juu ya mdomo, basi akawa Mwenye Kidoti. Wa pili alikuwa mrefu hata tukaamini kwamba wanaume waliocheza naye walisimamishwa juu ya sanduku. Na kule Bombay kila mwaka walitoa tuzo kwa mwigizaji wa kike aliyewapita wenzake. Swali letu lilikuwa hilo tu: mwaka huu anaichukua nani?

Najua mtu wa mbali atatucheka. Tuzo itolewe Bombay, watu wanuniane Tanga. Na la kuchekesha zaidi ni kwamba habari zilitufikia kwa gazeti la sinema, gazeti likaja kwa meli, likishafika likasomwa kwanza na Wahindi wenyewe nyumba kwa nyumba mpaka likalegea, ndipo likatufikia sisi. Kwa hiyo wakati tunabishana hadi wali unashika chini, tuzo ilikwisha kutolewa zamani na mwenyewe keshaiweka kabatini. Hilo halikutushughulisha. Kwetu ilikuwa haijatolewa mpaka gazeti lifike.

Mimi nilikuwa wa Mwenye Kidoti, tena wa kufa na kupona. Nilikuwa msichana wa darasa la nne, na darasa lenyewe nimelimalizia Mkwaja ambako mwalimu alikuwa mmoja na madarasa yote yake. Nililetwa mjini kukaa na mama mdogo, ndugu wa mama yangu wa tumbo moja. Kichwa changu kilikuwa kimejaa mambo. Niliamini kuna siku mtu wa sinema atapita Ngamiani kutafuta msichana wa kulia vizuri, akiniona mimi tu, safari. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo cha kabati. Jicho la kushoto lilitoa machozi kila nilipolitaka. La kulia lilikataa katakata, na mpaka leo limekataa.

Mama mdogo alikuwa ameolewa katika ukoo wa Kiarabu wa zamani, watu wenye minazi Pongwe na duka mjini. Mumewe, baba mdogo wangu, alikuwa mtu wa sauti ya chini. Akiingia nyumbani anavua viatu, anauliza habari za mtoto kabla ya habari za chakula. Mtoto huyo alikuwa mmoja tu, msichana, umri wa kuanza kupelekwa chuoni kusoma Kurani.

Hata mzigo sijaufungua sawasawa, mama mdogo aliniita chumbani akafunga mlango. Akaniambia nimsogelee. Nikasogea. Akaniambia nisogee zaidi, mpaka magoti yetu yakagusana. Akanishika uso kwa mikono miwili.

"Hapa nakuona," akasema. "Ukirudi nyuma hatua, nakuona kama mtu aliye nyuma ya chandarua. Ukifika mlangoni huna uso."

Nikadhani anatania. Alikuwa mwanamke kijana, anatembea nyumbani mwake bila kujigonga, anapika, anamsuka mtoto nywele, anatia uzi kwenye sindano kwa ulimi na vidole. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Kila kitu ndani ya nyumba ile kilikuwa na mahali pake, na ole wake aliyekihamisha. Sasa nikaelewa kwa nini.

Akanieleza kilichokuwa kinamtisha, na si giza. Katika ukoo wa mumewe kulikuwa na desturi, dada asiyejaaliwa kuzaa hupewa mtoto wa kaka yake amlee. Dada wa baba mdogo hakujaaliwa. Alikaa nyumba ya pili, ng'ambo ya njia nyembamba kiasi kwamba mtu akikaanga samaki huku, kule wanajua ni samaki gani. Mtoto alipoachishwa ziwa, wifi yule alikuja na kanga mpya na udi, akaomba kwa heshima zote. Mama mdogo akakataa. Mabishano yakafika kwa wazee, baba mdogo akakata shauri: maadamu mama yake anajiweza, mtoto abaki na mama yake.

"Maadamu najiweza," mama mdogo akarudia. "Umesikia neno lilivyowekwa? Wakijua siwezi kumwona mtoto akiwa kisimani, atalala kwa wifi siku hiyo hiyo. Na mimi nitabaki na nini?"

Nikamwambia mimi nitakuwa macho yake. Nilisema kwa furaha, kama mtu aliyepewa sehemu ya kucheza. Yeye ndiye aliyelia.

Sasa utashangaa mtu wa namna hiyo anakwenda sinema kufanya nini. Lakini angeacha, wangemuuliza kwa nini. Kabla macho hayajaanza kufifia, hakuna aliyezijua sinema kama yeye. Kila wiki palikuwa na siku moja ya wanawake, alasiri, na mwanamume hakuonekana humo isipokuwa yule wa kuendesha mashine, naye kafichwa huko juu. Wanawake walivua mabuibui wakayakunja mapajani. Walikuja na watoto, na visheti, na karanga, na habari za mtaa mzima. Walikuwamo Waarabu, Wadigo, Wasegeju, Wahindi, wanawake wa Kibondei waliokuja na shoga zao. Kwenye vilio tulilia, kwenye mchawi tulimtukana. Mama mdogo alikuwa na kiti chake katika ukumbi ule, na wifi yake alikaa kando yake, maana mawifi hao walikuwa hawaachani ijapokuwa walikuwa hawapatani.

Wifi ndiye alikuwa mkuu wa watu wa Mrefu.

Basi tukaweka mpango. Mama mdogo hukaa katikati, wifi kulia kwake, mimi kushoto, mtoto juu ya mapaja yangu. Nyuma yetu alikaa jirani yetu mke wa fundi saa, Mhindi, ambaye ndiye aliyetutafsiria maneno. Kwa hakika alitafsiri mwanzo tu. Sinema ikipamba moto alisahau kazi yake, ukimgusa goti anasema, "Ngoja kwanza, mambo mabaya." Kwa hiyo nusu ya sinema tulijitafsiria wenyewe.

Nami nilimnong'oneza mama mdogo sikioni. Nilijua kazi yangu si kumwambia mlango umefunguliwa au farasi amepita, hayo aliyasikia. Nilimwambia nyuso. "Kageuka polepole. Kamtazama mama mkwe, kashusha macho. Machozi yamekuja lakini hayashuki, yamesimama hapo hapo kwenye ukingo. Sasa katabasamu na machozi yakiwa bado yamesimama." Ilipofika nyimbo alinigusa paja ninyamaze. Alisema nyimboni nimpumzishe, sauti ya Mwenye Kidoti aliijua kuliko sauti ya mama yake, akiisikia anamwona mzima mzima mpaka ukucha.

Tulirudi nyumbani tukakaa uani, na hapo ndipo kesi iliposikilizwa. Wifi huanza.

"Wifi yangu, yule wako leo kanichosha. Analia kama mtu aliyeingiwa na moshi wa kuni."

"Wako je? Wako halii kabisa. Anainamisha shingo. Twiga naye anainamisha shingo, tumpe tuzo twiga?"

"Mrefu analia kwa ndani."

"Kwa ndani huko umeingia lini ukaona?"

Watu walikaa mikekani wakicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha mama mdogo husema kwa utulivu, kama hakimu, kwamba nani aliona machozi ya Mwenye Kidoti yalivyosimama kwenye ukingo wa jicho bila kushuka, naye akatabasamu yakiwa hapo hapo. Wanawake hutazamana. Wengine husema ni kweli, waliona. Wengine hukiri hawakuona, wakasema mke wa fulani ana jicho, hakimpiti kitu. Mimi niko pembeni nakuna nazi kwa fahari. Hakuna aliyejua kuwa hayo ni maneno yangu. Na hata mimi nilisahau. Yakitoka kinywani mwake yalikuwa yake.

Siku nyingine nilifikiri kwamba katika watu wote wa Tanga waliobishana juu ya kuigiza, mwigizaji alikuwa mmoja tu, naye hakuwa mimi.

Hali ikaendelea hivyo muda mrefu kuliko tulivyotarajia. Macho yalizidi kupungua. Ilifika hata magoti yakigusana alinipapasa kwanza. Lakini nyumba ilifagiliwa, mtoto alioga, akapakwa mafuta, akaenda chuoni. Kisima tulikifunika kwa ubao na juu ya ubao tukaweka jiwe, na wifi alipouliza mama mdogo akasema ni kwa ajili ya paka.

Toka tugawanyike, watu wa Mwenye Kidoti hatukwenda kutazama sinema za Mrefu, wala wao hawakuja kwenye zetu isipokuwa wifi, aliyekuja kutafuta makosa. Ilikuwa kama kwenda kwenye harusi ya adui. Kisha ikaja sinema moja ambayo walicheza wote wawili. Ngamiani ikawaka. Watu wakasema sasa ni uso kwa uso, na wale wa Bombay wataamua kwa sinema hii hii. Siku ya wanawake ilipowadia watu walipanga mstari toka adhuhuri.

Kisa chenyewe kilikuwa cha ndugu wawili. Mwenye Kidoti alikuwa mke wa mfinyanzi, maskini wa Mungu, mikono imejaa udongo toka mwanzo hadi mwisho. Mrefu aliolewa na tajiri. Nilimweleza mama mdogo yote hayo mwanzoni, nani kavaa nini, nani yuko wapi. Tulikuwa tumebanana, mtoto mapajani mwangu anakula visheti, wifi naye kila Mrefu akitokea anamkanyaga mama mdogo mguu kwa makusudi.

Katikati ya sinema mtoto akataka kwenda haja ndogo. Nikamwomba asubiri. Hakuweza kusubiri. Mama mdogo akasema nimpeleke upesi, ataungoja wimbo, na kwa kweli mfinyanzi alikuwa keshaondoka na mkewe amebaki peke yake mlangoni, wimbo ulikuwa njiani. Nikampitisha mtoto katikati ya magoti ya watu, nikamtoa nje.

Nilipokuwa narudi nilisikia wimbo umekwisha kuanza. Ile sauti, nyembamba, safi, inapanda mpaka unaogopa itakatika halafu haikatiki. Nikainua pazia la mlango. Kwenye turubai alikuwapo Mrefu. Amekaa kwenye pembea ya minyororo ya fedha, dhahabu puani, dhahabu masikioni, tausi anatembea kwenye bustani nyuma yake. Anaimba yeye, kwa sauti ile ile ya Mwenye Kidoti.

Sikupata hata nafasi ya kushangaa. Nilimsikia mama mdogo kabla sijamfikia. Alikuwa akisema kwa nguvu ili mstari mzima usikie, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshinda.

"Mnamwona lakini? Mikono yenye udongo namna ile, na anaimba. Hata hajainawa. Wifi, nani mwingine mtampa tuzo mbele ya mikono ile?"

Mtu wa mstari wa nyuma akacheka. Wifi naye alicheka, akidhani ni kejeli, kwamba mama mdogo anamwita Mrefu mchafu.

"Udongo gani, wifi? Acha uchokozi."

"Udongo wa ufinyanzi. Umekosa la kusema sasa umekuwa huuoni?"

"Wifi. Huyu ni Mrefu."

Mama mdogo akacheka kwa dharau. Akasema sauti ile haiwezi kumpotea, na wifi akanunue macho dukani kwa kaka yake. Akaendelea kumsifu yule mke wa mfinyanzi, mlango wake, nguo yake iliyochanika begani, vyote nilivyomwambia mimi kabla sijatoka. Na kwenye turubai tausi alifungua mkia.

Kicheko kikafa kimoja kimoja. Nilikuwa nimesimama kwenye njia ya katikati na mkono wa mtoto mkononi, watu wananivuta buibui nikae. Nikaona wifi amegeuka. Mwanga wa sinema ulikuwa ukicheza juu ya uso wa mama mdogo.

"Wifi yangu," akasema taratibu, "hebu nitazame."

Mama mdogo akageuza uso kuifuata sauti, akatabasamu. Alikuwa anatabasamia mahali palipo kidogo nje ya sikio la wifi.

Nikaenda nikakaa. Sikunong'ona neno. Tulikaa mpaka mwisho wote watatu na hakuna kati yetu anayejua ile sinema iliishaje. Mke wa fundi saa alitutafsiria siku hiyo mfululizo bila kusahau, masikini, akidhani tumenyamaza kwa sababu hatufahamu.

Tulipotoka wifi alimshika mkono mama mdogo, naye akakubali kushikwa. Mimi nilifuata nyuma na mtoto. Nilisikia yote waliyosema, na hayakuwa mengi.

"Usimwambie kaka yako," mama mdogo alisema.

"Nitamwambia, wifi. Mtoto anacheza penye jiko la mkaa. Mna kisima humo uani."

"Hajawahi kuungua. Hajawahi hata kujikwaa."

"Hajawahi, kweli."

"Basi?"

Wifi akaendelea kutembea. Nilikuwa namtazama mgongo, nikidhani atakuwa na furaha, maana kitu alichokitaka miaka yote kimemjia chenyewe. Lakini alipofika mlangoni na kumwachia mkono, niliona kitambaa chake cha kichwani kimelowa mbele, alikuwa akijifutia. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa angekuwa mbaya, ningejua pa kuweka uchungu wangu.

Baba mdogo aliitwa kutoka Pongwe. Alimpeleka mkewe kwa daktari, na daktari akasema hii si ile ya mtoto wa jicho inayotolewa, hii imeharibu ndani, imechelewa. Wazee wakakaa. Mimi nilipeleka kahawa, nikasikia wanazungumza kwa upole mkubwa, kila mmoja anamsifu mama mdogo kwa uvumilivu wake, na kila sifa inamwondolea mtoto hatua moja. Nilijitia ushujaa nikasema kwamba mimi nipo, mimi nitamwangalia mtoto. Mzee mmoja akanijibu kwamba nimesema vizuri, lakini mimi ni wa kuolewa, leo niko kesho sipo. Hakuwa na kosa. Kweli nilikuwa nimeanza kuposwa.

Mtoto akahamia ng'ambo ya njia. Nguo zake zilibebwa na wifi mwenyewe, kidogo kidogo, kama mtu anayeona haya. Mchana alikuja kucheza kwetu, jioni anaitwa. Na hilo la jioni ndilo lililomshinda mama mdogo. Alisikia mlango wa kule, alisikia maji ya kuogeshwa, alisikia akilia kwa kuchanwa nywele. Akaniambia ipo siku atavuka njia ile kwa kupapasa kuta akamchukue, na watu watasema kawa mwehu juu ya upofu. Afadhali awe mahali asipomsikia. Akaomba apelekwe Ushongo kwa mjomba wangu, kaka yao mkubwa aliyeoa huko. Baba mdogo hakumpa talaka. Alisema aende apumzike, atamtumia matumizi, na kweli aliyatuma. Baadaye alioa mke mwingine, lakini hilo lilikuwa baadaye.

Siku ya kuondoka, mke wa fundi saa alikuja kuaga na vibiringo vya sukari. Mama mdogo alimuuliza jambo lililokuwa likimsumbua kuliko tulivyodhani. Ile sauti, alisema, ilikuwa ya Mwenye Kidoti. Hata kama uso ulikuwa wa Mrefu. Je, yeye ndiye alikosea sauti pia?

Mke wa fundi saa akashangaa kweli kweli. "Lakini hawaimbi wao," akasema. "Iko mama moja, anakaa ndani, hapana onekana, anaimbia huyu, anaimbia yule. Wao nafungua mdomo tu. Mimi nadhani nyinyi najua."

Hatukujua. Katika Ngamiani yote, kwa mabishano yote yale, hatukujua. Wifi alikuwapo, amesimama mlangoni na mtoto, naye akainama kama mtu aliyepigwa. Mama mdogo akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba basi masikio yake yalikuwa sawa. Akaomba asaidiwe buibui lake.

Gazeti likaja miezi ikiwa imepita. Mke wa fundi saa alituletea uani kwa wifi, maana siku hizo mimi pia nilikuwa nashinda huko kwa ajili ya mtoto. Picha ilikuwa katikati ya gazeti. Mwenye Kidoti, amevaa nyeupe, amebeba sanamu ya tuzo kama amebeba mtoto mchanga. Alikuwa ameshinda. Tena kwa ile ile sinema ya mfinyanzi.

Kwa siku kama hiyo tulikuwa tumeweka nadhiri nyingi. Watu wa Mrefu wangetupikia pilau, wangetupigia vigelegele kwa kulazimishwa, wifi angetembea mtaa mzima na kanga ya kushindwa begani. Hakuna aliyepiga kigelegele. Wanawake walipokezana gazeti wakalitazama, wakaulizana bei ya samaki. Wifi alilishika mwisho, akaitazama ile picha muda mrefu, akanikabidhi.

"Mpelekee," akasema. "Mwambie nimekubali."

Niliomba nimchukue mtoto. Wifi mwenyewe alikuwa tayari, lakini ilikuwa masika, na baba mdogo aliogopa mto wa Pangani na barabara ya matope, akasema mvua zikipungua. Nikaenda peke yangu. Basi likakwama, tukashuka tukasukuma, nikafika Pangani nimejaa matope mpaka kwenye nyusi, nikavuka kwa pantoni, nikapata watu wanaokwenda upande ule nikafuatana nao kwa miguu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Bado nilikuwa yule yule, nikidhani habari njema ikisemwa vizuri inaweza kufanya kazi.

Nilimkuta nyuma ya nyumba ya mjomba, amekaa kwenye jamvi, anasuka ukili wa mkeka. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba kabla sijaimaliza, akanyoosha mikono nikaja nikapiga magoti akanishika uso, matope na yote. Akacheka. Akauliza kama nimekuja kwa kutambaa.

Nikamwambia. Nikamweleza gazeti, picha, ile nguo nyeupe, sanamu ilivyobebwa. Nikamwambia wifi amekubali. Nilieleza kwa ufundi wangu wote, machozi yamesimama, tabasamu limefanya hivi na hivi. Yeye alisikiliza huku anasuka.

"Nilisema atashinda," akasema.

"Ulisema."

"Na yule anayeimba? Kapewa nini?"

Nikamwambia gazeti halikumtaja. Nilikuwa nimemuuliza mke wa fundi saa, akatafuta kurasa zote. Hakuwamo.

Akaguna kidogo. Akakaza ukili, akaongeza jani jingine la mwaa, akasuka kipande kirefu. Nikajua anachokiogopa kukiuliza, nami nikaogopa kukianza, kwa sababu mtoto alikuwa hajambo, amenenepa, na usiku akishtuka humwita shangazi yake. Hayo yote yalikuwa mema, na sikuwa na namna ya kuyasema yasikate.

"Haya," akasema mwishowe. "Niambie wangu."

Nikasema amefika sura ya Yasin. Nikasema amekuwa mbishi, anabishana na mwalimu. Nikasema ameng'oka meno mawili, akicheka anaweka mkono mdomoni.

Mikono yake ikasimama.

"Meno? Yapi?"

"Ya mbele."

"Ya juu au ya chini? Usiniambie tu. Nionyeshe."

Nikakichukua kidole chake, kilikuwa kigumu kwa ukili, nikafungua mdomo, nikakiweka kwenye meno yangu ya chini. Hapa. Na hapa. Akapapasa moja, akapapasa la pili, akarudi kwenye la kwanza. Nilikaa na mdomo wazi, mate yananitoka, sikuthubutu kusogea, naye hakukitoa kidole chake.